SOMO LA SHABAHA: KUCHAGUA PUNJE ZA BUNDUKI YA HEWA

Mwaka jana mhariri aliniomba niandike juu ya maisha ya ng'ambo, nikakataa katakata. Kwani nani asiyejua kwamba kila aliyetoka ng'ambo huandika juu ya theluji? Mwaka huu nimekubali kwa sharti moja: niandike juu ya kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi, kina uzito wa nusu gramu hivi, na kiliwahi kumliza mtoto wa watu kwa muda wa majuma sita.

Nilikaa jimbo la Alabama, Marekani, miaka miwili mama alipokuwa akisomea uuguzi. Shuleni huko nilijiunga na chama cha vijana kiitwacho 4-H. Msishangae jina. Zile H nne ni kichwa, moyo, mikono na afya kwa Kiingereza, na chama hicho ndicho kilichotoa mfano wa vilabu vyetu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wazazi wetu wengi walipanda sukumawiki katika 4K. Wenzetu wa kule, mbali na kufuga ng'ombe na kulima mahindi, wana pia kitengo cha vijana cha kulenga shabaha kwa bunduki ya hewa. Huko ndiko nilikoingia, nikiwa na miaka kumi na minne, na mama akanung'unika mwezi mzima.

Niliporudi nyumbani na kusimulia haya bwenini, rafiki yangu mmoja alinikata maneno. "Wewe, acha longolongo! Kazi ya kulenga ni jicho na mkono. Punje ni punje. Mchagua jembe si mkulima." Wote wakacheka. Mimi sikuwa na jibu usiku ule. Jibu langu ndilo hili, na ni refu kidogo.

Kwanza tuafikiane juu ya jina. Katika Kiswahili neno "risasi" lina maana mbili: kile kinachotoka katika mtutu, na yale madini mazito ya kijivu ambayo kwayo kinatengenezwa. Neno lilitujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni hayo madini. Kamusi zetu zina neno "marisau" pia, lakini hizo ni zile chembe za mviringo za kuwindia ndege, zinazotoka nyingi kwa pamoja. Kitu chetu hiki hutoka kimoja kimoja na hakina mviringo wa gololi. Kwa hiyo nitakiita punje, na neno risasi nitaliacha kwa madini.

Mkiichukua punje moja mkaiweka kiganjani mtaona ina umbo la msichana aliyevaa marinda. Juu kuna kichwa, katikati kiuno chembamba, chini marinda yaliyopanuka, na ndani ya marinda ni wazi kama kikombe. Umbo hili si la urembo. Kichwa ni kizito kwa sababu kimejaa. Marinda ni mepesi kwa sababu ni matupu. Kwa hiyo punje ikiruka, kichwa hutangulia na marinda hufuata nyuma yakiinyoosha, kama vile manyoya yanavyounyoosha mshale. Isitoshe, hewa inaposukuma kutoka nyuma, marinda hujibana katika kuta za mtutu na kuziba hewa isipenye. Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyosokotwa; risasi kwa kuwa ni madini laini hujichapa katika mifuo hiyo, na punje hutoka ikizunguka kama pia. Jamani, kitu cha nusu gramu kina kazi zote hizo!

Vichwa viko vya namna nyingi. Kuna cha mviringo kama kuba, kuna kilichochongoka, kuna chenye shimo. Hivyo ni vya wawindaji na watu wa masafa. Sisi wa karatasi tunatumia kichwa bapa, kilichokatwa kama kizibo. Sababu ni rahisi: kichwa bapa hutoboa karatasi kwa tundu la duara safi, kama lile la mashine ya ofisini ya kutobolea faili. Kichwa cha mviringo huipasua karatasi na kuacha kingo zilizochanika, na hapo ndipo ugomvi wa alama unapoanza. Mtu wa vilabu vya vijana akikuuzia kichwa kilichochongoka eti "kinakwenda mbali," mwambie sisi twapiga mita 10 tu.

Sasa tufike kwenye shabaha yenyewe, maana bila hiyo hamwezi kuelewa mtoto alilia nini. Kipimo cha bunduki ya hewa duniani ni mita 10, na upana wa punje ni milimita 4.5. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1984, kule Los Angeles, na ndio uliompa Abhinav Bindra wa India medali ya dhahabu mwaka 2008 kule Beijing, ya kwanza kwa Mhindi mmoja mmoja katika historia ya Olimpiki. Karatasi yote ya shabaha, kuanzia duara la 1 hadi katikati, ina upana wa milimita 45.5. Na kumi? Kumi ni nukta ya nusu milimita. Tazameni nukta niliyoiweka mwisho wa sentensi hii. Hiyo ndiyo kumi.

Msikate tamaa lakini. Kanuni ni kwamba tundu likigusa tu, alama ni yako. Tundu lina nusu-kipenyo cha milimita 2.25, nukta ina 0.25. Jumlisheni: ukiweka katikati ya punje yako ndani ya milimita 2.5 kutoka katikati ya shabaha, umepata kumi. Duara la tisa lina upana wa milimita 5.5, kwa hiyo ukiwa ndani ya milimita 5 umepata tisa. Kila milimita 2.5 unayopotea ni alama moja inayokwenda. Kumbukeni namba hiyo, 2.5, kwa sababu ndiyo pesa ya mchezo huu. Kila kitu kinachokula milimita ni mwizi, na swali la punje ni swali la kujua mwizi huyu anakula ngapi.

Kilabu chetu hakikuwa cha matajiri. Kule kwa vijana kuna madaraja mawili: moja la bunduki ghali za usahihi, ambazo bei ya moja inaweza kulipa karo ya mtu hapa kwa muda mrefu, na jingine la bunduki za kawaida. Sisi tulikuwa wa kawaida. Tulitumia Daisy za zamani, zile za kuvuta mkono wa pembeni mara moja kubana hewa, ambazo zimefunza watoto wengi sana Marekani. Tulipiga kwa mikao mitatu: kulala kifudifudi, kupiga goti, na kusimama. Tulikuwa watoto kumi na wawili, na pesa za punje zilitoka katika kuosha magari ya watu Jumamosi.

Mdogo kuliko sote alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja. Nitamwita Dogo. Alikuwa na mkono uliotulia kama wa fundi saa, na kila juma alama zake zilipanda. Kisha ghafla zikashuka. Anapiga tisa, kumi, tisa, halafu sita! Kumi, tisa, halafu tano upande wa pili kabisa! Kocha wetu, mzee mmoja aliyekuwa mwanajeshi, akaanza kumrekebisha. Kiwiko kiingie ndani. Pumzi iachwe nusu. Kidole kivute polepole, usikurupuke. Dogo akafanya yote. Sita zikaendelea kuja. Majuma sita, wasomaji wangu! Siku moja nikamkuta nyuma ya ukumbi akilia, akaniambia amemwarifu mama yake kwamba haji tena, kwa kuwa yeye "hana macho."

Nilichofanya hakikuwa cha akili sana. Nilimwomba bunduki yake ili nimwonyeshe kwamba inapiga vizuri, nimtie moyo. Nikalala kifudifudi, nikapiga kumi. Mbili zikaenda zake huko pembeni. Nikashtuka. Nikachukua bunduki yangu na mkebe wangu, nikapiga kumi nyingine: zilikaa pamoja. Nikachukua bunduki yangu na punje za mkebe wake: zikatawanyika tena. Hapo hata mtu wa kukariri tu angeona ni nini kilichobadilika. Mzazi mmoja mwenye nia njema alikuwa amenunua mikebe ya bei ya chini kabisa, ya jina ambalo silitaji, na Dogo ndiye aliyepewa ya kwanza kwa sababu mkebe wake ndio ulioisha.

Kocha aliposikia hakubisha. Alisema, "Mpiga risasi akilaumu punje, mara tisa kati ya kumi anajidanganya. Tutazame kama hii ni ile ya kumi." Na hapa, ndugu msomaji, ndipo somo linapoanza kweli, kwa sababu kusema punje mbaya ni rahisi, kujua ni kazi.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kumwondoa binadamu. Bunduki ilibanwa kwenye jiliwa la karakana, ikafungwa kwa vitambaa isiumie, na mtutu ukaachwa huru usiguswe na chochote. Yeye peke yake ndiye aliyefyatua; sisi tulikaa nyuma ya mstari tumevaa miwani ya kukinga macho. La pili, alibandika karatasi juu ya majina ya mikebe minne na kuiandika A, B, C na D, ili mtu asipendelee jina. Nami nilikuwa na jina langu nililolipenda, si siri. La tatu, kila alipobadili mkebe alipiga punje tano za kutupa kwanza. Mtutu huvaa utando wa risasi ya punje zilizotangulia, na punje mpya huhitaji kuuzoea kabla ya kukaa sawa.

Kisha akapiga kumi katika karatasi moja, karatasi tatu kwa kila mkebe, kwa kila bunduki. Mimi nikamuuliza kwa nini asipige tano tano tukaenda nyumbani mapema. Akaniuliza nikirusha mawe mawili kwenye mti yatakuwa mbali kiasi gani. Na nikirusha ishirini? Nikaelewa. Kadiri unavyopiga nyingi ndivyo mbili zilizo mbali zaidi zinavyozidi kuachana. Kwa hiyo anayejisifu kwa tano zake nzuri na kuzilinganisha na kumi za mwenzake anafanya ujanja, hata kama hajui. Tena tano zaweza kukaa pamoja kwa bahati tu, hasa kama ile mbaya ni moja katika kumi. Ukipiga tano una nafasi nzuri tu ya kutokutana nayo, ukanunua mikebe ishirini, ukaja kukutana nayo siku ya mashindano.

Kupima ni hivi. Unachukua kipimio cha vanieri, kile kile tunachokitumia maabara ya fizikia, unapima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali nalo zaidi. Halafu unatoa 4.5. Kinachobaki ni umbali kati ya katikati mbili. Mkipata milimita 5, ina maana mtutu na punje peke yake, bila binadamu, vinakaribia kujaza ile nafasi yote ya kumi, yaani 2.5 kila upande. Mkipata 10, basi hata malaika akishika bunduki atapata tisa mara kwa mara.

Matokeo? Mkebe wa bei ya chini ulitawanyika katika kila bunduki, na katika kila karatasi kulikuwa na moja au mbili zilizokimbia peke yake. Hilo tulilitarajia. Ambalo hatukulitarajia ni kwamba punje ghali kabisa, za mashindano, zilishinda katika bunduki nyingi lakini si katika ile ya Dogo. Yake ilipenda mkebe wa bei ya katikati, ambao karatasi ilipobanduliwa ulikuwa RWS Hobby, punje nyepesi ya gramu 0.45 yenye kichwa bapa. Na jina langu nililolipenda lilikuwa la tatu. Nilinyamaza jioni nzima.

Kwa nini mtutu uwe na mapenzi? Watengenezaji huuza punje za mashindano kwa ukubwa wa kichwa: 4.48, 4.49, 4.50, 4.51. Tofauti kati ya moja na nyingine ni sehemu ya mia ya milimita, kama sehemu moja ya saba ya unene wa unywele. Mitutu nayo haitoki kiwandani ikiwa sawasawa hivyo. Kichwa kikiwa chembamba kwa mtutu ule, punje huyumba ndani yake. Kikiwa kinene mno, hupita kwa shida na kuharibika. Hakuna atakayekuambia kwa barua bunduki yako inataka ipi. Inabidi uiulize yenyewe kwa kupiga.

Na zile zinazokimbia? Tulizimwaga punje za mkebe ule juu ya karatasi nyeupe, tukazitazama kwa lenzi. Nyingine zilikuwa na marinda yaliyobonyea upande mmoja kama sufuria iliyoanguka. Nyingine zilikuwa na uchafu wa vumbi la risasi kichwani. Marinda yakibonyea, hewa hupenya upande mmoja wakati punje inatoka mtutuni, nayo husukumwa kando. Punje hiyo haina msaada wowote, hata ukiwa umevuta kidole vizuri kama bingwa wa dunia.

Wapo wanaopima uzito wa kila punje kwa mizani, jioni nzima, kama sonara. Nilitaka kufanya hivyo nami, nikafanya kwanza hesabu ya Kidato cha Tatu. Tuseme punje inakwenda mita 150 kwa sekunde. Mita 10 itazimaliza kwa sekunde 0.067 hivi, na katika muda huo itaanguka kama milimita 22. Ikipungua kasi kwa asilimia 5, itaanguka kama milimita 24. Umepoteza milimita 2 na zaidi kidogo, karibu alama nzima. Lakini asilimia 5 ya kasi ni tofauti kubwa mno. Punje zikitofautiana uzito kwa asilimia 2, kasi hutofautiana kwa asilimia 1 hivi, na anguko kwa chini ya nusu milimita. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mtoto wa kilabu asipoteze wakati na mizani. Achague kwa macho zilizobonyea na kuzitupa. Dakika tano zinatosha, na faida yake ni kubwa kuliko ya jioni nzima ya mizani.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu wa bwenini na jembe lake. Ana haki, nusu. Makosa mawili yasiyotegemeana, la mkono na la punje, hayajumlishwi hivi hivi. Hujumlishwa kama pande za pembetatu mraba, kwa kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa tukaisahau. Tuseme mtoto anayeanza hutawanya milimita 12 kwa mkono wake, na punje zake hutawanya 5. Jumla si 17. Ni 13, kwa sababu 144 na 25 ni 169. Mpe punje zisizo na kosa lolote, kama zipo, naye atafikia 12. Amepata milimita moja kwa pesa zote hizo! Hapo mchagua jembe kweli si mkulima.

Lakini mpe punje za kutawanya 9. Atakuwa na 15. Na tena hiyo ni hesabu ya wastani tu. Haimwambii kwamba tano zile zinazokimbia si zake. Mtoto akipata tano baada ya kuvuta vizuri, atabadili kilichokuwa sawa. Kesho atabadili tena. Hiyo ndiyo hasara iliyompata Dogo, na haionekani katika bei ya mkebe. Kwa bingwa, mambo hugeuka: mkono wake ni 3, punje ni 4, jumla 5. Kwake yeye punje ndiyo sehemu kubwa ya kosa, ndiyo sababu mabingwa hununua za ghali na kuzijaribu fungu kwa fungu.

Basi tulikata shauri vipi, nasi pesa zetu ni za povu la sabuni? Hesabu ilikuwa hivi. Kila mtoto alipiga 60 kwa siku, siku mbili kwa juma: 120. Watoto kumi na wawili ni 1,440 kwa juma. Mkebe una punje 500, kwa hiyo tulimaliza karibu mikebe mitatu kila juma. Kama mkebe wa mashindano ni mara mbili ya bei ya ule wa katikati, basi kupigia mazoezi punje za mashindano ni kama kuchoma mikebe mitatu kila juma, na nauli ya kwenda mashindanoni ingetoka wapi?

Wazazi wengine walitaka tufanye mazoezi kwa za bei ya katikati na kuweka za ghali kama H&N Finale Match au JSB kwa siku ya mashindano. Watu wengi hufanya hivyo. Ila kuna mtego: punje mbili tofauti haziangukii mahali pamoja. Ukibadili mkebe inakubidi urekebishe vilengeo vyako upya, na mtoto wa miaka kumi na mmoja mbele ya waamuzi, tumbo likimcheza, atasahau. Kocha aliamua watoto wote watumie punje za bei ya katikati mwaka mzima, mazoezi na mashindano, isipokuwa wawili wakubwa waliokwisha kupanda daraja. Mimi sikuwa mmoja wao. Niliona uchungu, lakini hesabu ya 12 na 5 niliifanya mwenyewe, ningelalamika kwa nani?

Tulinunua kwa pamoja na kilabu cha jirani, mikebe mingi ya fungu moja. Kila mkebe huwa na namba ya fungu, na jina lile lile kutoka fungu jingine laweza kupiga tofauti kidogo. Ukipata fungu linaloelewana na bunduki zako, nunua la mwaka kama mfuko waruhusu. Pia tulikoma kuzimwaga zote katika chupa moja kubwa, desturi tuliyokuwa nayo. Zilikuwa zikigongana humo na kubonyeana, yaani tulikuwa tukinunua punje nzuri na kuziharibu sisi wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo sitalipita haraka. Punje hizi ni risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto, kwa kuwa huathiri ubongo unaokua. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa hili na Mmarekani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watu kwa risasi. Mama Phyllis Omido aliyewapigania alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ambayo iliendelea katika rufani hadi Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo mwaka 2024. Punje za mkebe si tanuri la betri, na bunduki ya hewa haitoi moshi. Hatari yake kubwa ni mikono. Nimeona watu wazima, wenye akili zao, wakiweka punje mdomoni kama karanga ili mikono iwe huru! Kwetu ilikuwa marufuku. Hakuna kula wala kunywa kwenye mstari, na kila mtu alinawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa hata biskuti. Punje zilizotumika zilikusanywa katika kisanduku nyuma ya shabaha, hazikufagiliwa kwa ufagio mkavu.

Zipo punje zisizo na risasi, za bati na madini mengine. Ni nyepesi na ngumu zaidi, hurudi nyuma kwa urahisi zikigonga kitu kigumu, na bei yake iko juu. Katika bunduki zetu hazikukaa pamoja vizuri. Ukumbi ukizilazimisha, basi ni hizo, na mjaribu za aina kadhaa kwa njia ile ile ya jiliwa.

Jioni ile baada ya majaribio kocha alituita sote. Akasimama mbele ya Dogo, akavua kofia yake, akasema alimrekebisha majuma sita kosa ambalo hakuwa nalo, na kwamba anaomba radhi. Mzee yule, mwenye nishani! Dogo hakujua aangalie wapi. Juma lililofuata alirudi. Ilimchukua muda kuacha yale marekebisho mabaya; kiwiko chake kilikuwa kimezoea kuingia ndani mno. Alama zake za zamani alizifikia baada ya miezi miwili.

Mimi nilirudi nyumbani kabla ya mashindano ya jimbo. Hapa kwetu bunduki ni jambo la leseni, hata hii ya hewa, na asiwepo mwanafunzi wa kuniuliza nitaileta lini shuleni; mwalimu wa nidhamu anasoma jarida hili. Nilichokuja nacho ni mkebe mmoja mtupu alionipa Dogo, wenye karatasi bado juu ya jina na herufi C kwa kalamu nyekundu. Naweka humo pini na vifutio. Nimeuosha mara tatu.